Kompyuta mbili, printa moja, rauta moja: mwongozo kamili wa kujenga mtandao wa saiba ndogo

Swali linalorudi kuliko yote kutoka kwa vijana wanaofungua saiba ndogo, yaani maduka ya huduma za kompyuta na intaneti, Kisauni, Likoni, Changamwe na vichochoro vya Mwembe Tayari hapa Mombasa ni hili: kila kitu kimeunganishwa, taa zinawaka, lakini intaneti haifiki. Au imefika kwenye mashine moja ikaikataa ya pili. Au printa ilichapisha vizuri jana na leo imegoma.

Mara nyingi vifaa vyenyewe ni vizima. Kinachokosekana ni utaratibu. Mtu anabadilisha nywila ya waifai na kumbe tatizo ni kebo, au anaweka Windows upya na kumbe rauta mbili zinagombana.

Mwongozo huu unajenga kutoka chini kwenda juu: umeme, mashine, mfumo endeshi, kebo, rauta, kisha printa. Hatua nyingi zina jaribio lake. Jaribio likikataa, baki hapo hapo mpaka likubali, maana hitilafu uliyoiruka itakuja kukutokea mbele ikiwa na sura nyingine na hutaitambua. Mifano ya skrini ni ya Windows kwa kuwa ndiyo iliyojaa madukani. Mambo ya kebo na rauta hayabadiliki hata ukitumia Linux.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta mbili za mezani zenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 au zaidi
- Rauta yenye matundu manne ya LAN, yaani ya kuunganishia mashine za ndani ya duka. Ikiwa ya mtoa huduma ina matundu machache, ongeza swichi ya mtandao ya matundu matano au manane
- Kebo ya mtandao ya Cat5e au Cat6 ya shaba tupu
- Vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vya mwisho wa kebo, angalau kumi, kwa sababu viwili vitatu vitaharibika mkononi mwako
- Koleo la kubania vichwa na kipima kebo
- Printa yenye tundu la mtandao, si ile ya USB peke yake
- UPS, kisanduku chenye betri cha kushikilia umeme stima ikipotea
- Daftari na kalamu

Nunua daftari hata kama una simu. Utaandika humo anwani na nywila, na siku rauta itakapozima ndipo utakapolihitaji.

Kuhusu kompyuta zilizotumika: kabla ya kulipa, uliza kama mashine inakubali Windows 11. Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kijenzi cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu zinazopokelewa. Mashine ya bei rahisi isiyofikia hapo si hasara kamili, bali itafaa zaidi ikiwekewa Linux.

Kuhusu kebo: ipo inayouzwa kama Cat6 na ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu. Ikitokea nyeupe chini ya rangi ya shaba, iache dukani. Alumini hukatika ikikunjwa, na kwenye hewa yetu yenye chumvi maungio yake huharibika mapema.

## Hatua ya 1: Umeme na mahali pa kuweka mashine

Weka kompyuta juu ya meza au kibao, usiweke sakafuni. Feni yake inavuta hewa muda wote, na iliyo chini inavuta vumbi na mchanga wa mlangoni. Iache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Usiielekeze kwenye dirisha linalopokea upepo wa bahari moja kwa moja. Wakati wa kusi unyevu na chumvi huingia hadi kwenye maungio, na shaba huota kutu ya kijani.

UPS ina kazi moja: kukupa dakika za kuhifadhi faili na kuzima mashine kwa utaratibu stima ikipotea. Nyingi za 650 VA hubeba wati kati ya 360 na 390. Kompyuta moja ya mezani na skrini yake kwa kazi za ofisi huhitaji takriban wati 100 hadi 150, kwa hiyo mbili zinatosha humo, pamoja na rauta ambayo hula wati chache tu.

Onyo: printa ya leza isichomekwe kwenye UPS. Inapopasha moto roli la kuyeyushia wino wa unga huvuta mamia ya wati kwa ghafla, na UPS ndogo itazima papo hapo ikiondoka na kompyuta zote mbili. Printa ipewe soketi ya ukutani peke yake.

Utajua umefaulu: washa kila kitu, kisha zima swichi ya ukutani inayolisha UPS. UPS italia, kompyuta na rauta zitabaki hai. Zikizima, betri imekufa au mzigo umezidi. Lijue hilo sasa, kabla mteja hajawa katikati ya fomu ya kuomba pasipoti.

## Hatua ya 2: Ijue mashine yako na uitazame saa yake

Sehemu tatu zinaamua kasi unayoihisi. Prosesa inafanya hesabu. RAM inashikilia kazi zilizofunguliwa wakati huu, na hupoteza kila kitu umeme ukikatika. Diski inahifadhi hata mashine ikizimwa. Mwanafunzi akilalamika kwamba kompyuta ni nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja utazame: RAM ikiwa imejaa, kuongeza prosesa hakutasaidia. Diski ikiwa ni ya zamani ya kuzunguka na inafanya kazi kwa asilimia 100 muda wote, kuibadilisha kwa SSD kutaleta tofauti kubwa kuliko pesa nyingine yoyote utakayotumia kwenye mashine hiyo.

Sasa saa. Hapa ndipo wanaoanza wanapopoteza siku nzima.

Ndani ya kompyuta kuna betri ya kidonge, kwa kawaida CR2032, inayolinda saa mashine inapochomolewa. Mashine iliyokaa ghalani muda mrefu mara nyingi betri hiyo imekufa. Stima ikirudi, kompyuta inawaka ikiamini ni mwaka wa nyuma kabisa. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari kinapolinganisha cheti na saa ya mashine kinaona cheti hakijaanza kutumika. Kinakataa kufungua. Unachokiona wewe ni maonyo mekundu kwenye eCitizen ya huduma za serikali, kwenye iTax ya ushuru na kwenye barua pepe, ilhali mtandao haujambo.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko, toa betri ya zamani na uweke mpya, upande wa alama ya kujumlisha ukiwa juu. Betri hii ni ya bei ndogo na huuzwa hata kwa mafundi wa saa. Kisha washa, weka tarehe, na uchague majira ya Nairobi, yaani saa tatu mbele ya UTC.

Utajua umefaulu: chomoa umeme kwa nusu saa, washa bila intaneti, na tarehe iwe sahihi.

## Hatua ya 3: Mfumo endeshi, viendeshi na akaunti

Mfumo endeshi ndio unaogawa prosesa, RAM na diski kwa programu zako. Kiendeshi ni programu ndogo inayoufundisha mfumo kuzungumza na kifaa kimoja, kwa mfano kadi ya mtandao. Bila kiendeshi cha kadi ya mtandao, kebo nzuri na rauta nzuri hazitakusaidia lolote, na mashine itajifanya kana kwamba haina tundu.

Bofya kulia kitufe cha Windows, fungua orodha ya vifaa, tafuta sehemu ya kadi za mtandao. Alama ya njano ya mshangao ina maana kiendeshi hakipo au kimeharibika. Pakua kinachofaa kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta hiyo kwa kutumia mashine nyingine, ukilete kwa flashi.

Tengeneza akaunti mbili kwenye kila mashine: moja ya msimamizi yenye nywila unayoijua wewe tu, na moja ya kawaida ya kazi za kila siku. Mteja akileta flashi yenye virusi, virusi vitapata uwezo wa akaunti iliyo wazi. Usimpe virusi uwezo wa msimamizi.

Zipe mashine majina yanayoeleweka, KAUNTA na MEZA2, badala ya yale marefu zinazokuja nayo.

Kuna jambo nalisema bila kuzunguka: ziepuke programu za kuvunjia leseni ya Windows zinazopitishwa kwenye flashi. Ili zifanye kazi lazima uzime kinga ya virusi na uzipe uwezo wote, na humo ndimo wezi wa nywila wanapojificha. Kwenye mashine hiyo watu watafungua akaunti zao za ushuru na za benki. Leseni ikikushinda, weka Ubuntu au Linux Mint pamoja na LibreOffice. Vyote ni vya bure na halali, na vinatosha kwa barua, fomu na kuchapisha.

## Hatua ya 4: Kebo

Kwa mashine zisizohama, tumia kebo. Waifai iachie simu. Majengo mengi ya Mji wa Kale yana kuta nene za mawe ya matumbawe, na mawimbi ya 5 GHz hufifia hata kwenye ukuta mmoja tu wa aina hiyo. Kebo haijali ukuta.

Kipande kimoja kisizidi mita 100. Usikilaze sambamba na waya wa stima. Kiache umbali wa sentimita 20 au zaidi, na pakilazimu kukutana, vipishane kwa msalaba.

Kubania kichwa:

1. Menya ganda la nje kiasi cha sentimita tatu. Angalia usikwaruze nyaya za ndani; ukiona shaba pembeni, kata uanze tena.
2. Fungua jozi nne, zinyooshe, uzipange kutoka kushoto kwenda kulia hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mpango huu unaitwa T568B. Tumia huo huo pande zote mbili.
3. Kata ncha zote kwa mkato mmoja ulionyooka, ukibakiza kama sentimita moja na kidogo nje ya ganda. Jozi zimesokotwa ili kufuta kelele za umeme. Ukifumua urefu mkubwa, umeiondoa kinga hiyo.
4. Shika kichwa, ulimi wake wa plastiki ukiwa upande wa chini na vyuma vya dhahabu vikikutazama. Sukuma nyaya mpaka uone shaba nane zikigusa ukuta wa mbele. Ganda la nje nalo lazima liingie ndani ya kichwa, ili kishikio cha ndani ya kichwa kilishike ganda, kisizishike nyaya tupu.
5. Bana kwa nguvu mara moja, mpaka mwisho.

Kosa linalojificha ni la kupanga rangi vibaya lakini kwa namna ileile pande zote. Kipima kebo cha bei ndogo kitawasha taa 1 hadi 8 kwa mfuatano na kukuambia ni sawa, kwa sababu kinajua tu kwamba waya wa kwanza umefika wa kwanza. Hakijui kwamba umewatenganisha wenzi wa jozi. Kebo kama hiyo hufanya kazi ikiwa fupi, kisha inasumbua ikirefuka. Dawa yake ni kuzisoma rangi kwa macho kabla ya kubana.

Utajua umefaulu: taa nane kwa mfuatano kwenye kipima, kisha taa ya tundu kuwaka kwenye kompyuta na kwenye rauta. Fungua mipangilio ya mtandao utazame kasi ya kiungo. Vifaa vya gigabiti vikionyesha 1000 Mbps (megabiti kwa sekunde), kebo imekubali. Vikionyesha 100, mtuhumiwa wa kwanza ni waya wa 4, 5, 7 au 8, kwa sababu kasi ya 100 inatumia waya nne tu, wa 1, 2, 3 na 6, na gigabiti inazitaka zote nane.

Usichanganye kasi hiyo na ya kifurushi ulichonunua. Hiyo ni kasi ya ndani ya duka. Na kifurushi kinapimwa kwa megabiti, wakati faili hupimwa kwa megabaiti: megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1.25, kwa hiyo faili ya megabaiti 100 itachukua sekunde 80 mambo yakiwa mazuri. Hesabu hii itakuokoa na simu nyingi za hasira kwa mtoa huduma.

## Hatua ya 5: Rauta, na ugomvi wa rauta mbili

Tundu la WAN linatazama nje, kwa mtoa huduma. Matundu ya LAN yanatazama ndani, kwa mashine zako. Mara nyingi la WAN lina rangi tofauti.

Kila kifaa kinahitaji anwani ya IP, yaani nambari yake kwenye mtandao. Ndani ya duka hutumika anwani za faragha, na nyingi utakazoziona zinaanza na 192.168. Sehemu ya rauta inayozigawa inaitwa DHCP. Kompyuta inapowaka inauliza, rauta inajibu kwa kuipa vitu vinne: anwani yake, kinyago cha mtandao ambacho kwa kawaida ni 255.255.255.0, anwani ya lango, na anwani ya seva ya DNS inayogeuza majina ya tovuti kuwa nambari.

Kinyago cha 255.255.255.0 kinasema kwamba nambari tatu za mwanzo zikifanana, tuko mtaa mmoja. 192.168.1.10 na 192.168.1.20 huongea moja kwa moja. Chochote kinachokwenda nje ya hapo hupelekwa langoni, kama mtu wa Likoni anayekuja mjini anavyoelekea kivukoni. Lango ni rauta yako.

Ingia kwenye rauta: fungua kivinjari, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1, au anwani iliyobandikwa chini ya rauta yenyewe. Fanya haya:

- Badilisha nywila ya msimamizi wa rauta. Hii si nywila ya waifai, na ile ya kiwandani inajulikana na kila mtu.
- Chagua ulinzi wa WPA3, au WPA2 kama vifaa vyako ni vya zamani.
- Zima WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila nywila.
- Washa waifai ya wageni kwa wateja, ili simu zao zisizione kompyuta zako wala printa.
- Kwenye mawimbi ya 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani, na kwenye jengo lenye rauta nyingi tofauti yake inaonekana.

Sasa ugomvi wenyewe. Mtoa huduma wa faiba hukuletea kisanduku ambacho tayari ni rauta kamili. Waifai haifiki chumba cha nyuma, kwa hiyo unanunua rauta ya pili, unachomeka kebo kutoka LAN ya kwanza hadi LAN ya pili. Papo hapo una DHCP mbili kwenye mtaa mmoja. Kompyuta hupokea jibu la yeyote aliyewahi. Leo KAUNTA imejibiwa na ile ya mtoa huduma, ina intaneti. MEZA2 imejibiwa na ile mpya, imepewa lango ambalo halina njia ya kutoka. Kesho ni kinyume chake. Na kama rauta zote mbili zinajiita 192.168.1.1, vurugu ndiyo hiyo.

Fanya hivi kwa utaratibu huu. Rauta ya pili ikiwa haijaunganishwa na ya kwanza, chomeka kompyuta kwenye LAN yake, ingia, badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2. Ingia tena kwa anwani hiyo mpya, zima DHCP, weka jina na nywila ya waifai. Ndipo uunganishe LAN kwa LAN na rauta ya kwanza, tundu la WAN la rauta ya pili likibaki tupu. Hapo mgawaji wa anwani amebaki mmoja. Ikiwa rauta yako ina chaguo la kuwa kituo cha waifai tu, lichague. Litakufanyia hayo yote.

Wengine huchomeka kwenye WAN ya rauta ya pili. Intaneti itapatikana, ila umejenga mitaa miwili, na mashine iliyo nyuma ya rauta ya pili haitaonekana na ya mbele. Printa ikiwa upande huo, KAUNTA haitaifikia.

## Hatua ya 6: Kupima kwa mpangilio

Hii ndiyo hatua ya kuishika kichwani. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `cmd`, bonyeza Enter. Kisha pima kutoka karibu kwenda mbali.

Kwanza, anwani. Andika `ipconfig`. Tazama anwani ya IPv4 na ya lango.

Ikianza na 192.168 na lango limeandikwa, endelea. Ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani ikakosa wa kuijibu, ikajipa yenyewe. Usiguse DNS, usiguse kivinjari. Rudi kwenye kebo, kwenye tundu, na kwenye DHCP ya rauta. Ukisharekebisha, andika `ipconfig /release` kisha `ipconfig /renew`.

Pili, lango. Andika `ping`, amri inayotuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu, pamoja na anwani ya lango, kwa mfano `ping 192.168.1.1`. Kwa kebo, majibu manne yatarudi kwa milisekunde moja au pungufu. Jibu moja likipotea kila mara, kichwa kimelegea. Yakikosekana yote ilhali una anwani nzuri, linganisha lango la mashine mbili. Zikitofautiana, umerudi kwenye ugomvi wa rauta.

Tatu, nje kwa nambari. Andika `ping 8.8.8.8`. Hii ni seva ya DNS ya Google. Lango likijibu na hii ikakaa kimya, duka lako ni zima. Tatizo liko kati ya rauta na mtoa huduma: kifurushi kimeisha, faiba imekatika, au kebo ya WAN imechomoka. Hapa ndipo una haki ya kumpigia simu.

Nne, nje kwa jina. Andika `ping google.com`. Nambari ikijibu na jina likakataa, ni DNS. Ingia kwenye rauta, weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kama seva za DNS, kisha kwenye kompyuta andika `ipconfig /flushdns`.

Tano, kivinjari. Vyote vinne vikikubali na tovuti ikagoma, tazama tarehe ya mashine kwanza, kisha ijaribu tovuti hiyo kwenye simu kwa data. Inawezekana tovuti yenyewe imelala.

Onyo: usiipime KAUNTA kwa kuipigia ping MEZA2 ukaishia hapo. Ukuta wa moto (firewall) wa Windows mara nyingi huzuia ping kutoka mashine jirani hata mtandao ukiwa mzima. Lango ndilo shahidi wa kuaminika.

Na usishangae ping ya seva ya Ulaya ikizidi milisekunde 100. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka nyaya za chini ya bahari zinazotua hapa Mombasa hadi Ulaya kwenda na kurudi ni maelfu ya kilomita. Hakuna rauta ya kufupisha bahari.

## Hatua ya 7: Printa isiyopotea stima ikirudi

Bi mkubwa amesimama kaunta na cheti cha mjukuu wake. "Mwanangu, jana si ilitoa?" Jana ilitoa, kweli. Usiku stima ikapotea, asubuhi vifaa vyote vikaomba anwani upya, na printa iliyokuwa 192.168.1.104 sasa ni 192.168.1.107. KAUNTA bado inatuma kazi kwa 104. Skrini inasema printa haipo hewani, na imekaa mezani inawaka.

Suluhisho ni kuiambia rauta iipe printa nambari ileile siku zote. Kila kadi ya mtandao ina anwani ya MAC, tarakimu na herufi 12 alizoziweka mtengenezaji. Chapisha ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwenye menyu ya printa, utaiona. Ingia kwenye rauta, sehemu ya DHCP, tafuta mahali pa kuhifadhi anwani, ingiza MAC ya printa na nambari unayoitaka. Rauta nyingine hutaka nambari iwe ndani ya kundi inaloligawa, nyingine hazijali. Zima printa, iwashe, thibitisha imepokea nambari hiyo.

Hifadhi kwenye rauta ni bora kuliko kuandika anwani kwenye printa yenyewe. Ukiiandika kwenye printa, rauta haina habari, na siku moja itampa mteja wa waifai nambari ileile. Vifaa viwili vyenye anwani moja vyote hukatikakatika.

Kisha, kwenye kila kompyuta, ongeza printa kwa mkono kwa kutumia anwani ya TCP/IP. Windows ikijitafutia yenyewe huweza kuchagua njia ya WSD, ambayo husumbua. Hakikisha pia mtandao wa kebo umewekwa kuwa wa faragha kwenye mipangilio ya Windows. Ukiwekwa wa umma, kinga huzuia kushirikiana.

Utajua umefaulu: zima rauta, printa na kompyuta zote. Washa rauta, subiri dakika mbili, washa printa, kisha kompyuta. Chapisha ukurasa wa majaribio kutoka KAUNTA na kutoka MEZA2. Rudia jioni. Ikikubali mara zote, kazi imeshika.

## Hatua ya 8: Faili za wateja

Saiba hupokea vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, namba za PIN za ushuru, barua za hospitali. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakuhusu hata ukiwa na mashine mbili tu.

Tengeneza folda moja tu ya kazi za leo kwenye KAUNTA, skani zote ziingie humo, na uifute kila jioni pamoja na pipa la taka la kompyuta. Kivinjari cha wateja kifunguliwe kwa dirisha la faragha, ili nywila zao zisibaki. Mteja akisahau kutoka kwenye akaunti yake, mtoe wewe, bila kuisoma.

Faili zako mwenyewe, za hesabu na wadeni, ziwe na nakala kwenye diski ya nje isiyochomekwa muda wote. Virusi vya kufunga faili vikiingia, vitafunga kila kilichochomekwa.

## Ukikwama, sema haya kwa fundi au mtoa huduma

Kusema "mtandao hauendi" kutakufanya usubiri. Fungua daftari usome: anwani ya kompyuta na ya lango kutoka `ipconfig`, ping ya lango imejibu au la, ping ya 8.8.8.8 imejibu au la. Rangi ya kila taa kwenye kisanduku cha faiba, hasa ile iliyoandikwa LOS, kwa sababu ikiwa nyekundu mwanga haufiki kabisa na hakuna mpangilio wa rauta utakaoirekebisha. Ni mashine moja au zote. Na saa lilipoanza. Mtumie pia picha ya ukurasa wa `ipconfig /all`. Nywila ya waifai na ya rauta zisiwemo kwenye picha yoyote.